Mbeleko ya Kroketi

Raskazone, majanini,
nyundo iko mkononi,
Semboja yuko kandoni,
kofia kaweka nyuma.

Yeye ni bingwa kwa kweli,
hupiga toka kwa mbali,
lango dogo halijali
na wala hagusi chuma.

Kadi yake ni sifuri,
yangu kumi, si dosari;
kanuni imeshakiri:
mbeleko si ya huruma.

Ni mapigo ya ziada,
matatu, hayana ada,
niyatoe kwenye shida
zamu zangu zikikoma.

La kwanza nikalimwaga
mbele ya lango, kwa woga,
la pili, bei ya mboga;
Semboja kanitazama.

La tatu nikalitia
kibindoni, natulia.
Sita sita twafikia,
lango moja la lazima.

Mpira wangu wafika
langoni umeshachoka;
akiba nikaitaka,
ukapita wima wima!

Nikashangilia, ndugu,
nikarusha kanga yangu;
karani hana machungu,
namba akaisukuma:

“Nane,” asema, “hongera.
Mawili sasa, Bi Zura,
umeujua mpira,
mwenyewe utasimama.”

Kushinda kumbe kwatoza
kodi! Nami najikaza;
mbeleko wamepunguza,
kukua nako kwauma.