Swali la Kumi na Nne

Fomu imefika Makete na basi la Njombe,
kurasa tisa ndani ya bahasha ya kaki.
Swali la kumi na nne linasema:
Eleza mchango wa jamii katika mradi wa maji.
Chini yake mmeacha mistari mitatu.

Mimi, Twilumba Luvanda, mweka hazina wa kamati,
nina mwandiko mkubwa. Mnivumilie.

Mstari wa kwanza: tulichimba mtaro.
Kilomita kumi na moja, toka chemchemi hadi zahanati,
kina cha kiuno, Juni na Julai,
umande ukiganda juu ya majani ya viazi
na mpini wa sururu ukikung'ata kiganja.
Mstari umekwisha.

Mstari wa pili: kitabu chenu kimetuandika
asilimia tano.
Sibishani na hesabu. Nauliza tu mizani ilikuwa ipi.
Ordina Chaula alichimba hatua zake sita, mtoto mgongoni,
akaenda kuinjika ugali,
akarudi kuchimba sita za jirani mgonjwa.
Hizo za pili ziko safu gani?
Na viazi vya Ezekia Tweve, vilivyooza ardhini
kwa kuwa wavunaji wote walikuwa mtaroni,
magunia tisa, tena ya lumbesa?
Na ukucha wa mzee Fungo uliobaki chini ya jiwe,
tumeufukia pamoja na bomba?

Mstari wa tatu nimemwachia Mattias,
mhandisi wenu mwenye miwani ya kamba.
Alikuja kukagua siku mbili.
Siku ya tatu aliomba jembe mwenyewe,
methali yetu hajaisikia bado.
Tulicheka. Jioni viganja vyake vilikuwa nyama tupu,
tukamwekea mafuta ya mgando na kikombe cha ulanzi.
Alisema "kamwene" alipofika, akasema "kamwene" akiaga,
na hakuna aliyetaka kumsahihisha.
Hatua alizochimba mliziandika kwenu au kwetu?
Mimi niliziandika kwetu.
Kama ni kosa la kihasibu, nisameheni.

Sasa nageuza karatasi.

Maji yalitoka. Hilo liandikwe kwa wino mzito.
Kwanza bomba lilikohoa, likatema udongo mwekundu,
kisha likanyamaza, na sisi tukanyamaza,
kisha yakaja meupe, ya baridi hadi jino likauma.
Mabinti sasa wanawahi namba darasani.
Asanteni. Neno hili halina safu, lakini nimeliandika.

Mlisimika bango: bendera mbili, majina marefu,
na chini kabisa, fundi rangi akiishiwa nafasi,
"kwa kushirikiana na wanan".
Watoto wanatuita hivyo hadi leo. Wanan, njooni mle.

Masika ya pili koki kubwa ilipasuka.
Tulipiga simu Njombe; ofisi ile sasa inauza chakula cha kuku.
Tuliandika barua. Jibu lilikuwa la adabu:
awamu imefungwa.
Koki haikuwa na taarifa.
Tukachanga, mia tano, elfu, mwingine debe la mahindi,
Ezekia akashuka hadi Makambako, akarudi na koki mpya
isiyoingia, maana bomba lenu lilipimwa kwa vipimo vya kwenu
na duka letu linapima kwa vya kwake.
Tuliifunga kwa mpira wa baiskeli.
Inavuja kidogo. Chini yake yameota magimbi
na Ordina amekwisha yavuna mara mbili.
Hayo pia sijui yaende safu gani.

Mkija tena na fedha, nazo tunazihitaji, sitaona haya kusema,
njooni Juni, kabla ya kuandika asilimia.
Leteni na kipimo cha bomba.

Swali la kumi na tano:
Je, jamii inaumiliki mradi? Ndiyo. Hapana. Weka alama.

Nimeliacha wazi kwanza.
Kuna ukungu, giza linaingia,
na leo ni zamu yangu kwenda kukaza ule mpira.