Visanduku vya Funguo

Kwenye nondo za lango letu, mtaa wa Varoš, mjini Split,
vinaning'inia visanduku kumi na kimoja vya funguo,
vyeusi, kila kimoja na tarakimu zake nne.
Saa nane za usiku mtu huvipapasa kwa tochi ya simu;
akishindwa, hubonyeza kengele yangu.
Hushuka na kandambili. Nimeshazoea.

Zamani ngazi hizi zilinuka kabichi,
na Ijumaa, dagaa wa kukaanga.
Sasa zinanuka sabuni ya mashuka ya watu nisiowajua.
Alfajiri magurudumu ya masanduku hugonga mawe,
ka-ka-ka,
nami kitandani nahesabu: ngazi arobaini na mbili.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa huondoka siku ya pili na nusu.
Jembe limebaki kwetu:
bomba linalovuja, taa ya ngazini,
na Bi Perina wa ghorofa ya nne
anayesubiri mtu wa kumpandishia viazi.

Jana tulikutana chini ya ngazi kupiga kura.
Vinka alisoma karatasi kwa sauti ya ualimu wake wa zamani:
tangu Januari, hakuna kulaza wageni
bila ridhaa ya theluthi mbili ya majirani.

Jerko akasimama. Hakupaza sauti.
"Nyumba ya mama ndiyo inayolipia kitanda cha mama
kule kwa wazee. Mkiifunga,
nani atampandisha ngazi hizi? Nyinyi?"
Mtu alikohoa. Taa ikazimika, kama kawaida yake,
tukapapasana kutafuta swichi.

Mama yake, Marica, alinilelea mwanangu
mwaka mzima wa zamu zangu za usiku. Hakutaka hata senti.
Nilimkumbuka.
Nikaikumbuka na kengele.
Mkono ukapanda, mzito kama ndoo iliyojaa.

Tisa kwa nne.
Jerko akatuaga mmoja mmoja, kwa majina.

Leo asubuhi nilimkuta langoni na bisibisi,
anakifungua kisanduku chake.
"Namba yake ilikuwa moja tisa tatu nane," akasema,
"mwaka aliozaliwa mama."
Dunia nzima imeubonyeza, na haikujua.

Kisha, bila kunitazama, akauliza
kama Jumamosi nina nafasi.
Kuna kiti cha magurudumu, na ngazi, alisema, ninazijua idadi.