Ala

Mimi hushona ala. Kibanda cha tatu, soko la Kariokor,
upande unaomeza moshi wa nyama kuanzia saa tano.
Wengine hushona viatu, wengine mikanda;
kwangu huja watu wenye vibali,
waliofunga vifungo vyote vya koti
hata jua la Januari likipasua lami.

Mwaka huu wengi wana moja, mpya.
Si ile ndogo ya kuzama kiganjani,
si ile kubwa ya kupiga paja kila hatua.
Ya kati. Wanalitamka neno hilo
kama mtu aliyepata kiatu cha kipimo chake
baada ya miaka ya kubanwa.

Gathitu, wa vipuri, Barabara ya Kirinyaga:
"Mpini unajaa mkono. Kwa ile ya zamani
kidole changu cha mwisho kilielea hewani
kama mgeni asiyepewa kiti."

Bi. Saadia Halakhe, abadilishaye pesa Eastleigh,
anasema aliyeiunda hajawahi kuvaa dera.
"Ya kati kwa kiuno cha nani?
Nikikaa, mtutu wanidunga nyonga.
Nikisimama, nguo inaichora kona zote,
na siri iliyochoreka ni mwaliko."
Nikamshonea mkoba wenye mfuko wa ndani.
Akajaribu mara saba, jicho kwenye saa,
akanuna: "Sekunde nne.
Mwizi hana nne za kunikopesha."

Chelang'a, mstaafu, hapendi kifyatuo.
"Chepesi mno. Kitu cha kuua kiwe kizito kidogo,
kikupe nafasi ya kumwona mtu uso."
Alisema hivyo, akatazama chini,
kisha akalipa arubuni ya ala mbili.

Naye Wafubwa wa kituo cha mafuta, Donholm,
huipima kwa foleni ya Jogoo Road:
"Saa mbili nimekaa, haijanikata mbavu.
Mengine sijui. Tangu nipewe kibali
sijaitoa hata mara moja.
Naibeba kama watu wabebavyo mwavuli
ili mvua isinyeshe."

Mimi sijawahi kufyatua. Nina ya mjakaranda,
niliichonga mwenyewe kwa vipimo vyao,
naifunika ngozi mbichi, naikandamiza usiku kucha
mpaka ngozi ijifunze.
Siku moja mwanangu aliiokota benchini,
akanielekezea, akafanya mlio kwa mdomo.
Ubao mtupu. Na bado msharasi ulinianguka.

Wiki iliyopita alikuja Bi. Nyaboke,
mkewe Ondimu, mchinjaji wa Dagoretti,
yule aliyekuwa wa kwanza kuisifu hapa:
"Fundi, hii nasahau kama nimeivaa!"
Akaweka ala mezani. Tupu.
Bastola ilirudishwa serikalini, akasema,
na waliandika namba zake vizuri, kwa mwandiko mzuri.
Anataka nitoe lile umbo,
ngozi irudi kuwa ngozi,
atie humo miwani ya marehemu.

Nikailoweka. Nikajaza mchanga, nikaanika.
Umbo likarudi. Nikapiga nyundo ya mti.
Likarudi, hafifu, kama jina
lililofutwa ubaoni kwa kiganja.

Sikumwuliza. Alinieleza mwenyewe,
akigusa kiuno chake, pale pale:
"Ilikuwa hapa. Wakati wote ilikuwa hapa."

Sasa ni jioni, wenzangu wanateremsha mapazia ya mabati.
Mshono wangu husifiwa kwa kukaza:
hata ukikimbia, hata ukianguka, haitikisiki.
Ipo mkononi mwangu, ile ya Ondimu,
na ule ukanda mdogo wa kufunguliwa kwa gumba.
Nafungua. Nafunga.
Nahesabu.
Nafungua tena.