Ngazi Kwanza

Baba alianza na ngazi.
Ndege haijapata hata pua,
stoo bado inanuka nta na moshi wa mizinga ya nyuki,
yeye keshachomelea vipago vitano vya nondo
na kuiegemeza hewani, mahali ambapo siku moja
patakuwa na ubavu.
Mama akauliza: Hiyo unapanda kwenda wapi?
Baba akasema: Sipandi. Nasimama.

Isevya mambo hayafichiki.
Walisema Mzee Kapalata anajenga banda la kuku,
wakasema jeneza,
wakasema mtambo wa gongo, na hao angalau walileta chupa.
Fundi Lugusha wa karakana ya reli hakusema kitu.
Alizunguka mara mbili, akagonga bati kwa kidole,
kesho yake akaleta geji nne za vichwa vya treni vilivyokufa.
"Hizi zilipima upepo wa breki. Upepo ni upepo."

Kiti ni cha bajaji iliyoungua Kanyenye.
Usukani (hapana, Baba hukasirika,
ndege ya vita haina usukani, ina fimbo),
fimbo basi ni mpini wa jembe, mninga,
umetobolewa kwa waya wa moto ili nyaya zipite
hadi kitufe cha kengele ya mlango.
Hicho ndicho mzinga.
Stoo iliyolaza mizinga arobaini
sasa ina mmoja tu, wa ukoo mwingine,
na sijamwona Baba akiugusa.

Kompyuta ni kazi yangu.
Skrini tatu, za mtumba, hazikuzaliwa nyumba moja:
anga la kushoto samawati, la kati kijivu,
la kulia lina ufa unaoanzia Urambo kuishia Sikonge.
Tabora iliyomo humo ni uwanja wa ndege,
lami iliyonyooka, halafu kijani, kijani,
mti uleule umerudiwa kama sala ya mtoto.
Reli hakuna. Isevya ni nyasi.
Mama alichungulia akauliza, sisi tuko wapi?
Baba akaweka kidole kwenye kijani:
Hapa. Unasonga ugali.

Ukabaki mkanda.
Nilileta wa Land Rover, akasema mfupi.
Nilileta wa lori, akaupima kwa shubiri,
akautundika msumarini. Miezi mitano.

Mwaka wa vita alikuwa na miaka kumi na tisa,
askari wa kufuta vioo na kufunga marubani:
mguu kipago cha nne, kiwiliwili ndani,
bega la kushoto, bega la kulia, kiunoni, vuta,
makofi mawili kwenye kofia, shuka, ondoa ngazi.
Hilo tu ndilo alilolijua kuhusu kuruka.
Alifunga saba.
Alifungua sita.

Jumapili iliyopita akautoa msumarini.
"Nyamizi, kaa."
Na mimi miaka miwili nilidhani anajijengea kiti.
Kipago cha kwanza goti likalia. Cha pili.
Cha nne akasimama, akainama ndani,
ananuka gundi na tumbaku.
Kushoto. Kulia. Kiunoni. Akavuta
mpaka nikakumbuka nina mbavu.
Mikono haikutetemeka, pumzi ndiyo.
Makofi mawili utosini.
Akashuka, ngazi akaipeleka mbali, ukutani,
akasimama mlangoni akinipungia kitambaa cha jikoni.

Niliruka vibaya.
Nikapita juu ya zile nyasi ambazo ni sisi,
nikaupoteza uwanja, nikauona ndani ya ufa,
nikatua kama chura, gurudumu moja nje ya lami.
Sijazima injini, chuma kikagusa bati,
vidole vyake vikawa vinatafuta kifungo.
Kikakwama. Akatukana kwa Kinyamwezi. Kikaachia.

Hapo hapo umeme ukakatika,
skrini tatu zikalala pamoja, rangi moja kwa mara ya kwanza.
Hakuniondolea mkono begani.
Nje Mama anauliza
nani kachukua kitambaa chake.