Tatu, Sita, Tisa

Vibamba vitatu vya chuma juu ya meza:
milimita tatu, milimita sita, tisa.
Nje, theluji ya Februari imeziba dirisha la karakana,
na mzee Bohuslav Tkadlec anavua glavu
kidole kimoja kimoja, kama anayehesabu deni.

Ameileta bastola yake ya mashindano,
ile ile aliyoshindia kikombe cha shaba kule Zlín
mwaka nilioanza darasa la kwanza,
na ndani ya kisanduku, juu ya pamba,
kilengeo kipya: kioo kadiri ya ukucha wa gumba,
na nukta nyekundu inayoelea humo bila kugusa kitu.

"Ncha ya mbele naiona ukungu," anasema.
"Karatasi naiona ukungu.
Mimi mwenyewe, asubuhi, nikinyoa ndevu: ukungu.
Nifungie hiki. Kiweke juu,
kama wanavyoweka vijana wa klabu."

Juu kiasi gani? Hapo ndipo kazi ilipo.
Watu hudhani naulizia bastola.
Naulizia shingo.

Kikikaa chini, karibu na mtutu,
nukta huja pale pale jicho lilipozoea;
mkono wa miaka arobaini haufunzwi upya,
na risasi haiendi mbali na ulichokusudia
hata shabaha ikiwa hatua tano tu.
Lakini kichwa sharti kiiname kuifuata,
na pingili mbili za shingo ya Bohuslav
zilifungwa kwa skrubu hospitalini Ostrava
baada ya miaka ishirini na sita ya kupuliza vioo.

Kikikaa juu, kichwa husimama
kama cha mtu asiyedaiwa dukani.
Ila mkono hauna habari.

Silaha ni tupu. Nimekagua mara mbili,
yeye akakagua ya tatu.
"Fumba macho," namwambia. "Inua. Sasa fumbua."

Kwa tatu: nukta ipo, katikati, imetulia,
naye amekunja uso kwa maumivu
akisingizia taa.

Kwa tisa: shingo wima, uso umekunjuka,
na kioo kitupu.
Anaitafuta kushoto, anaitafuta kulia,
mgeni anayepapasa swichi ukutani
gizani, nyumba ya watu.

Nikamsogezea sita. Hakukigusa.
"Sita ni cha mtu asiyejua anaumwa wapi.
Weka tisa. Shingo imeshastaafu, Květo;
mkono bado ni mwanafunzi."

Nikakaza skrubu, tone la gundi ya buluu kila moja,
na mstari wa rangi nyeupe juu ya vichwa vyake
ili zikilegea zijisemee zenyewe.

Kule chini, kwenye ukumbi wa kulengea, hatua tano,
risasi ya kwanza ikatoboa karatasi
chini ya alipotaka, upana wa kidole na kitu.
Nikaanza kueleza: jicho linapita juu, mtutu unapita chini,
njia zao hukutana mbele zaidi, kwenye hatua ishirini na…
"Najua," akanikatiza.
"Nimeishi na Drahomíra miaka hamsini.
Karibu karibu hatukuafikiana hata siku moja."

Machi amerudi, si kwa malalamiko,
na chupa ya jemu ya plamu, kifuniko kimekwama.
Kila usiku, anasema, jikoni, bastola tupu,
mara thelathini anaiinua kuelekea kalenda.
"Jana nukta ilinisubiri mara ishirini na mbili."
"Na zile nane?"
Akageuka na mabega pamoja na kichwa,
maana shingo haigeuki peke yake,
akaitazama theluji ikidondoka paani.
"Zile nane mkono ulikwenda kwa wa zamani."

Kibamba cha tatu kiko droo ya juu.
Nimekiandika jina lake kwa penseli.
Penseli hufutika.