Gundi Haijakauka

Dada yangu Nyakinyua amepiga simu tena.
Kuna chumba Kitengela, asema, kodi nafuu,
kadi za harusi, vipeperushi vya matanga,
pesa mkononi kila Jumamosi.
Nimebana simu begani, brashi mkononi.
Ngoja, namwambia, gundi haijakauka.

Miaka kumi na mitatu nipo hapa Uthiru:
mlango wa bati, mashine mbili, moja mgonjwa,
na ng'ambo ya ukuta ng'ombe wa chuo
hulia alfajiri kabla ya muadhini.
Maziwa yao nayanunua langoni yakiwa moto.

Nimejalidi kupe. Nimejalidi kwato.
Nimejalidi homa ya mbuzi, kurasa mia mbili na sita,
wala sisomi ndani, nasoma shukrani tu;
hapo ndipo msomi huvua tai.
*Kwa mama, aliyeuza fahali.*
*Kwa mwenye nyumba, aliyesubiri kodi.*
Lokwawi aliniandika mimi, mstari wa mwisho kabisa,
jina langu limekosewa herufi.
Sikumwambia. Nilijalidi hivyo hivyo,
nikajiwekea nakala moja chini ya mto.

Na yule mbwa wangu Pilipili, alipovunjika mguu,
walimzunguka wanafunzi sita wenye makoti meupe
wakibishana hadi magharibi.
Mbwa wa tajiri gani, Nyakinyua,
hutibiwa na madaktari sita?
(Anachechemea bado. Lakini walibishana vizuri.)

Sisemi hapa ni peponi.
Mvua ya Aprili hukoroga kichochoro kikawa uji,
maji ya bomba huja Jumanne, yakipenda,
na chuo kikifungwa kwa mgomo
mimi na Achola wa chapati twaketi mlangoni kama wafiwa,
daftari la madeni katikati yetu.
Mwaka ule mrefu niliuza stepla.

Kisha Novemba ikaja, kama inavyokuja,
na watu wazima, wengine wana mvi,
wakaingia wamepakata karatasi kama kitoto kichanga,
wakauliza kwa sauti ya chini: rangi gani, mama?
Nyeusi ni uzamili, nawajibu. Nyekundu, uzamifu.
Mwanamume mmoja aligusa ile nyekundu kwa kidole
akakaa kwenye benchi langu, akalia,
nami nikajifanya natafuta mkasi.

Huko Kitengela nitajalidi nini?
Kadi ya harusi haina sura ya nne
iliyokataliwa mara tatu.

Nyakinyua anasema kitu, halafu kimya:
salio limemwishia.
Mlangoni kasimama msichana, kaloa chapachapa,
kaificha tasnifu ndani ya sweta;
yeye anatiririka, karatasi kavu.

Ingia, namwambia, nikisogeza brashi.
Shukrani umeandika?