Ukucha na Kiganja

Saa kumi na mbili na robo. Ziwa la Matema limetulia kama sinia la bati.
Sona tumeifunga ubavuni mwa boti kwa bomba la chuma na spana namba kumi na tisa,
Gwamaka ameshika usukani, anatafuna muhogo mbichi,
nami nimeshika mapigo.

Kilohezi mia nne. Pigo: maikrosekunde hamsini.
Hapa pwani, kwenye mita nane za maji,
nguvu naishusha, naishusha tena,
maana ukipiga kelele katika chumba kidogo
unajisikia mwenyewe, humsikii uliyemwita.
Skrini inanichorea mikunjo ya mchanga,
nanga ya mtu, tairi la Fuso.

Kisha milima ya Ukinga inafanya kawaida yake:
haikomi ufukweni.
Inazidi kushuka, mteremko uleule,
miguu majini kama mtu anayetafuta kandambili gizani.
Mita thelathini. Tisini. Mia na hamsini.
Miale ya pembeni inakatika mmoja mmoja,
skrini inabaki na madoa kama sufuria la wali ulioungua.
"Ongeza nguvu!" Mhandisi Kihwele, kwenye redio.
Naongeza.
Zimeongezeka kelele tu.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, Mkisi wa Ikombe.
Chungu cha mboga alikigonga kwa ukucha, ti,
mara moja, akajua ufa ulipo
kama anavyojua mwanawe anadanganya.
Mtungi wa maji aliupiga kwa kiganja,
na kiganja akakiacha kikae kidogo juu ya udongo, duuu,
sauti ipate nafasi ya kulizunguka tumbo lote na kurudi.
"Mtungi hauulizwi kwa haraka," alisema.
"Ila ufa mwembamba usiutafute kwa kiganja.
Kiganja hakioni unywele."

Basi narudi kwenye mipangilio.
Kilohezi mia mbili. Pigo refu, lile la kupanda,
linaloanza kwa sauti nene na kumalizia kwa nyembamba.
Idadi ya mapigo kwa sekunde naipunguza:
swali lisubiri jibu lake
kabla sijatuma jingine.
Na ukuta unatokea.
Mita mia mbili na arobaini, samawati inayokaribia weusi,
mteremko mzima mpaka chini, laini,
laini mno, kama uliopigwa plasta.
"Hapo sasa!" anasema Kihwele.

Sikumwambia.
Jumamosi moja, nikiwa darasa la tano,
mtumbwi wa vyungu ulipinduka kati ya Ikombe na soko la Lyulilo.
Vyungu arobaini na vitatu.
Mama alifika pwani amevaa kimoja kichwani kama kofia,
watu wakacheka, naye akacheka,
kisha akalipa deni la mtumbwi ule miaka sita.

Tukirudi namwomba Gwamaka apite chini ya ule mwamba mweupe.
"Mafuta," ananiambia.
"Dakika kumi."
Ananipa kumi.
Mita ishirini na sita. Kilohezi mia nne.
Maikrosekunde hamsini, hapana, thelathini.
Nguvu chini. Taratibu.
Na pale, mafungu mafungu, vinundu,
duara na duara na duara,
kimoja kimelala mdomo wazi, au ni kivuli.
Nahesabu mpaka thelathini na moja,
boti inayumba, hesabu inapotea.
"Kumi zimekwisha, dada."

Mashine haikubali kuzimwa mpaka mipangilio ipewe majina.
Ya kina kirefu nimeiita Kiganja.
Hii nyingine, Ukucha.

Usiku, kwenye meza ya nyumba ya wageni,
Kihwele anaikuza picha, miwani kaipandisha kwenye paji la uso.
Gati halitajengwa upande ule, hana wasiwasi,
anataka tu ripoti isiwe na pengo.
"Na hivi?"
Wali wangu umeshapoa.
"Mawe," nasema.
Naye anaandika mawe, kwa mwandiko mzuri,
chini ya mstari wa tairi la Fuso.